Kitu Kimoja na Kundi la Kitu Kimoja

Je, kitu kilicho peke yake ni sawa na kundi lenye kitu hicho tu? Swali hili la kifalsafa limejificha ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu, ambamo mfuatano usiobadilika huitwa tupli. Andika ("Mombasa") uulize urefu wake: utajibiwa 7, kwa kuwa hilo ni neno la herufi 7. Andika ("Mombasa",) utajibiwa 1, maana sasa ni tupli iliyobeba neno moja. Kilichozidi ni mkato tu. Mkato huohuo ukiutia mwishoni mwa orodha, kama [4, 5,], haubadilishi lolote. Ukiutia unapoita funksheni, vivyo hivyo. Yaani alama moja huku ni pambo, kule inageuza asili ya kitu. Nashikilia kwamba tofauti nzito kiasi hicho inastahili alama yake yenyewe.

Wapo watakaosema tofauti hiyo ni ya kubuni, na hoja yao si nyepesi. Lugha ya Haskell haina tupli ya kitu kimoja katika sintaksia yake. Katika lugha ya Swift, (5) ni 5 basi. Hata mwanahisabati Dedekind, mwaka 1888, alitumia alama moja kwa elementi na kwa sehemu ya seti; ni mwenzake Peano aliyezitenga dhana hizo mbili mwaka uliofuata. Lakini itazame seti tupu. Haina kitu. Seti ambayo ndani yake mna seti tupu peke yake ina kitu kimoja. Tukisema hizo mbili ni sawa, tumesema sifuri ni moja. Haskell na Swift hazidhuriki kwa sababu kompaila yao, yaani kitafsiri cha msimbo, huijua aina ya kila thamani kabla programu haijaanza kwenda. Python huijua aina hiyo programu ikiwa imeshaanza, na tupli iliyobeba majina kumi leo huenda kesho ikabeba moja. Mkato ukisahauliwa, msimbo uliotarajia majina ya miji hautalalamika: utachukua M, kisha o, kisha m, kana kwamba kila herufi ni mji.

Ndiyo maana napendekeza mabano ya aina yake, (| "Mombasa" |), yatumike kwa tupli zote, ziwe na kitu kimoja, vingi au zisiwe na chochote. Alama ya | hudai thamani pande zote mbili, hivyo ikigusana na bano haina maana nyingine inayoweza kuchanganywa nayo. Wenye msimbo wa zamani wana haki ya kuogopa: Python 3, isiyopatana na msimbo wa Python 2, ilitoka mwaka 2008, na Python 2 ikaachwa rasmi mwaka 2020 tu. Ila hapa hapana haja ya kuvunja kitu. Maandishi ya zamani yabaki halali, na onyo litolewe pale tu ambapo mkato wa mwisho, bila mabano, umezaa tupli.