Odera Oruka na Wazee Wenye Hekima

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyezaliwa Ugenya mwaka 1944 na kusomea Uppsala, Sweden, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, wakati mjadala wa falsafa ya Kiafrika ulipokuwa umetawaliwa na ethnofalsafa, yaani mtazamo unaozihesabu imani na methali za jamii nzima kuwa ndiyo falsafa yake, kana kwamba watu wote wa kabila moja hufikiri kwa kichwa kimoja.

Oruka aliukataa mtazamo huo kwa vitendo: yeye na wenzake walikwenda vijijini na kinasa sauti, wakaketi na wazee ambao wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya shule, wakawahoji kuhusu Mungu, kifo, haki na mali. Aliyeeleza mila barabara lakini, alipoulizwa sababu yake, akajibu kwamba ndivyo walivyoikuta, alihesabiwa kuwa mjuzi wa mapokeo. Aliyeipima mila hiyo kwa akili yake mwenyewe, hata akatofautiana na jamaa zake, huyo ndiye ambaye Oruka alimwita mwenye hekima wa kifalsafa.

Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo, alikuwa mmoja wa wenye hekima hao wa kifalsafa. Alipoulizwa kuhusu ujamaa wa kale, hakukubali kwamba Wajaluo waligawiana mali kwa ukarimu tu, bali alieleza kwamba mwenye ng'ombe wengi aliwakabidhi wasio nao wawatunze na kunufaika nao, huku umiliki ukibaki kwake. Hayo ni maelezo makavu kuliko hotuba nyingi za wanasiasa wa zama za Oruka kuhusu ujamaa, na pengine ndiyo sababu yanaaminika zaidi.

Mwanafalsafa Mnigeria Peter Bodunrin alihoji kama falsafa inayopatikana kwa mahojiano kama hayo ni ya mzee au ni ya profesa anayemdodosa. Oruka alijitetea kwa mfano wa Socrates, kwamba muulizaji ni mkunga tu, naye mkunga hazai. Utetezi huo una uzito, ingawa haumalizi shaka yote, kwa kuwa mwenye kuchagua swali huchagua pia njia ya jibu. Lakini kasoro iliyo wazi zaidi iko kwingine: katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wenye hekima hao, wanawake ni wachache mno.