Sekunde Kumi za Kupumua

Mwaka 1996 mtafiti wa Japani, Izumi Tabata, na wenzake walichapisha matokeo ya zoezi la baiskeli: sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Baada ya wiki 6, uwezo wa vijana waliopimwa kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka, na misuli yao ilihimili zaidi kazi nzito.

Mapumziko yale mafupi yalikuwa sehemu ya zoezi. Moyo haukupata nafasi ya kutulia.

Mwaka 2013 Chris Jordan na Brett Klika wa Marekani walipanga mazoezi 12 ya takriban dakika 7, yanayohitaji mwili, ukuta na kiti tu. Nao waliacha sekunde kama 10 kati ya zoezi na zoezi, lakini kwa mpangilio makini: baada ya skwati za miguu, mikono huchukua zamu, miguu ikipumua.

Anayeanza leo ana haki ya kupumzika zaidi. Mgongo ukianza kulegea kwenye pushapu, aongeze nusu dakika nzima kabla ya kurudi sakafuni.