Kanisa Ndani ya Nyumba ya Askofu

Je, yafaa askofu alale na kusali chini ya paa moja? Nyumba ya Askofu wa Kirusi mjini Sitka, Alaska, inajibu ndiyo, nami nakubaliana nayo. Maseremala wa Kifini waliijenga kwa magogo kati ya 1841 na 1843 kwa ajili ya Askofu Innocent. Chini palikuwa na shule. Juu, alikoishi, kuna kanisa dogo lenye ukuta wa ikoni mbele ya altare. Aliyetia saini amri zake hatua chache tu kutoka altareni alikumbushwa kila siku kwamba naye ana Bwana.

Wapo watakaosema jengo lilitoka kwa Kampuni ya Kirusi-Kiamerika, wafanyabiashara wa ngozi katika nchi ya Watlingit, kwa hiyo ni alama ya utawala wa kigeni. Hoja hiyo ni nzito, na ikoni haziifuti. Lakini Urusi iliiuza Alaska mwaka 1867. Baada ya hapo Watlingit wengi, bila kampuni yoyote ya kuwashurutisha, waliingia Uorthodoksi kwa hiari yao.