Kufuli na Ufunguo

Kuna maswali yanayokaa kimya vitabuni miaka mingi, kisha humvamia mtu njiani asipoyatazamia. Moja katika hayo lilinipata juu ya daraja mjini Paris, nalo lililetwa na kitu kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Swali lenyewe ni hili: je, tendo dogo, lililotendwa kwa mapenzi safi na lisilo na dhara machoni pa mtendaji, laweza kuwa kosa? Na kama laweza, je, ni haki mtu kumnyima mwenzi wake tendo hilo kwa ajili ya watu asiowajua? Nilidhani kwamba jibu ninalo. Kumbe nilikuwa na nusu yake tu, na nusu ya pili ilikuwa kwa mke wangu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2025 nilikuwa katika mji wa Cologne, Ujerumani, kwa masomo yaliyonitenga na nyumba yangu muda wa miezi tisa. Mke wangu alikuja kunitazama kwa siku kumi, na katika siku hizo tukatoa tatu twende Paris kwa treni. Tulikuwa tumekaa katika ndoa miaka 17, wala hatukuwahi kusafiri pamoja ila kwa msiba, ugonjwa au harusi ya jamaa. Safari ya kutazamana tu, isiyo na mgonjwa mwisho wake, ilikuwa ngeni kwetu. Nayo haikuja mapema. Miezi ya kusemezana kwa simu ilikuwa imepunguza maneno yetu: ada za shule, paa linalovuja, hali ya wazee, kisha lala salama. Hatukugombana. Yamkini ugomvi ungalikuwa afadhali, maana wagombanao angalau hukabiliana uso kwa uso.

Kwetu Tanga Aprili ni mwezi wa masika, na mvua humweka mtu ndani. Ulaya mwezi huo ni wa majira ya kuchipua: miti iliyosimama mitupu tangu mwaka uliopita huvaa majani mororo, jua hukawia kutua, na watu hutoka nje kana kwamba wamefunguliwa gerezani. Tulitembea kando ya mto Seine. Tuliliona kanisa la Notre-Dame, ambalo liliungua tarehe 15 Aprili 2019 likafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024, na ndani mawe yake ni meupe kama chokaa mpya. Mke wangu akasema kwamba kitu kilichoungua namna ile kikasimama tena hakina haja ya kuogopa umri. Niliyasikia maneno hayo kama habari za kanisa.

Jioni ya siku ya kwanza tulifika katika daraja liitwalo Pont des Arts. Ni daraja la waendao kwa miguu, nalo linaunganisha jumba la Louvre na Institut de France, makao ya wanachuoni wa nchi ile. Lilijengwa kwanza kwa chuma, likamalizika mwaka 1804. Mwaka 1979 sehemu yake kubwa ilianguka baada ya kugongwa na tishari, likajengwa upya kati ya miaka 1981 na 1984. Tangu mwaka 2008 hivi, wapendanao kutoka pande zote za dunia walishika desturi ya kutundika makufuli yenye majina yao katika kingo zake, kisha kutupa funguo mtoni. Desturi hiyo ilikwisha kuvuma Roma, katika daraja la Ponte Milvio, baada ya riwaya ya Federico Moccia iliyotoka mwaka 2006. Mwezi wa Juni 2014 sehemu ya ukingo wa Pont des Arts ilianguka kwa uzito wa makufuli. Tarehe 1 Juni 2015 wakuu wa mji wakaanza kuyaondoa, na uzito wake ulipata tani 45. Leo kingo za daraja hilo ni za vioo, na kioo hakina tundu la kupitishia kufuli.

Karibu na daraja alikaa mchuuzi, ametandaza makufuli juu ya kitambaa. Mke wangu alinunua moja la rangi ya shaba, lenye funguo mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi. Akaniambia, "Bwana, hapa hapana mahali, lakini madaraja ya mji huu ni mengi. Tutafute jingine, tuandike majina yetu."

Nami, badala ya kumtazama yeye, nilitazama daraja. Nikamweleza kwamba kufuli moja halizidi uzito wa embe changa, lakini tani 45 ni uzito wa ndovu wanane. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikijaa, chuma hukatika. Katika wale wote waliotundika, hapana hata mmoja ambaye kufuli lake ndilo lililoangusha ukingo, wala hapana hata mmoja ambaye kufuli lake halikuwa na sehemu. Kila mmoja angeweza kuapa kwamba yeye hakudhuru kitu, na kwa hesabu yake peke yake angesema kweli. Hata hivyo ukingo ulianguka. Nikaendelea kusema kwamba ndiyo maana Immanuel Kant alitufundisha, mwaka 1785, kulipima tendo kwa kujiuliza kama tungetaka kanuni yake iwe sheria kwa watu wote. Nikamaliza kwa methali yetu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mgeni hutundika akaenda zake kwao. Mzigo huachiwa wenye daraja, na hatari huachiwa wapitao kwa mashua chini yake.

Mke wangu hakuwa mtu wa kushindwa kwa urahisi. Alinikumbusha kwamba daraja la reli la Cologne, ambalo juzi tu nilikuwa nimemvusha, limejaa makufuli tangu mwanzo hata mwisho, wala hakuna aliyaye njaa ya kuyaondoa. Nikamjibu kwamba lile liliundwa kubeba treni na hili kubeba nyayo. Tendo moja halina uzito mmoja mahali pote, bali hupimwa kwa mgongo wa anayelibeba. Nadhani hata leo kwamba jibu hilo lilikuwa sahihi. Yeye akanyamaza kwa hatua chache, kisha akasema, "Kila nikuombapo jambo dogo, wewe huwa na hoja kubwa." Akalitia kufuli mkobani, tukarudi hotelini.

Usiku ule sikulala vema. Laiti hoja yangu ingalikuwa na kasoro, ningaliomba radhi nikalala. Lakini hoja haikuwa na kasoro, na hiyo ndiyo iliyonisumbua. Nilijiuliza kwa nini nilikataa. Je, ni kwa kulihurumia daraja? Nilipojichunguza bila kujipendelea niliona kwamba huruma hiyo ilikuja nyuma. Lililotangulia lilikuwa haya. Niliona haya, mtu mzima mwenye mvi, kuandika jina langu juu ya kufuli kama kijana wa shule mbele ya wapita njia. Kisha, katika kutafuta mahali pa kuificha haya hiyo, nikaikuta haki imesimama karibu, nikajifunika nayo. Mtu aweza kuishika haki kama ashikavyo mwavuli: haupendi mwavuli, anaukimbia mvua.

Lakini liko jambo lililonichoma zaidi. Hoja ile niliyoitunga juu ya makufuli ilinigeukia. Katika miaka 17 nilikuwa nimemnyima mke wangu mambo mengi madogo: matembezi ya jioni, kwa kuwa nina karatasi za kusahihisha, picha ya pamoja, kwa kuwa picha ni upuuzi, neno la sifa mbele ya watu, kwa kuwa sifa ni ya Mungu. Kila nilipokataa nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nyepesi kama embe changa. Hapana hata moja ambayo ningeweza kuambiwa, hii ndiyo iliyovunja. Walakini nani aliyepata kuzipima zote pamoja? Niliwahukumu wageni wa Paris kwa kutojumlisha, na mimi mwenyewe katika nyumba yangu sikujumlisha. Sheria ya vitu vidogo haikutungwa kwa madaraja peke yake.

Asubuhi tulitoka tukafuata mto upande wa magharibi mpaka daraja jingine la miguu, lenye sakafu ya mbao, ambalo tangu mwaka 2006 linaitwa kwa jina la Léopold Sédar Senghor, mshairi na Rais wa kwanza wa Senegal. Mwaka 1983 huyo alichaguliwa kuingia katika Académie française, ambayo hukutana katika jumba lile lile tuliloliona jana mwisho wa Pont des Arts. Nilifurahi kuona jina la Mwafrika limebebwa na daraja bila kulilemea. Makufuli machache yalikuwa yamening'inia katika ukingo. Nilisimama, nikamwambia mke wangu kwamba kama bado anataka, nitaandika jina langu. Nilisema hivyo kwa moyo, ingawa nilijua kwamba hoja yangu ya jana haijafa.

Yeye akalitoa kufuli akaligeuza mkononi. Akauliza, "Ufunguo hutupwa kwa nini?"

Nikasema, "Ili asiweze mtu kulifungua."

Akasema, "Basi mimi sitaki. Miezi hii yote nimekaa na ufunguo wa nyumba, na ufunguo wa kuondoka ninao pia; kila mke anao, hata asipousema. Sikuondoka. Ukiutupa mtoni, sitakuwa nimebaki tena, nitakuwa nimefungiwa." Akatulia kidogo, kisha akaongeza, "Jana hukukosea juu ya daraja, bwana. Ulikosea juu yangu."

Akaukata uzi kwa meno, akanipa ufunguo mmoja, wa pili akautia mkobani mwake pamoja na kufuli.

Tangu siku ile nimeyafikiri sana maneno yake, na naona kwamba yana falsafa kuliko yote niliyoyasema mimi juu ya Pont des Arts. Kufuli ambalo ufunguo wake umetupwa haliwezi kushuhudia lolote juu ya uaminifu. Jabali halisifiwi kwa kuwa halikukimbia. Husifiwa mlinzi, ambaye ana miguu, anaona njia, na bado yupo. Kadhalika ahadi: twasema kwamba ni deni, na deni halilipwi kwa heshima ila na mtu ambaye angaliweza kutoroka. Anayetupa ufunguo anataka kumaliza kwa siku moja kazi ambayo maumbile yake ni ya kila siku. Hataki kuahidi, anataka kuwa amekwisha kuahidi. Chuma kimfanyie kazi ya moyo, naye aende zake akapumzike.

Wala chuma hakifanyi kazi hiyo. Makufuli yale ya Pont des Arts yalikatwa, na mwaka 2017 sehemu yake iliuzwa kwa mnada, zikapatikana euro zipatazo 250,000 za kuwasaidia wakimbizi. Sijui hadithi inayofaa kuliko hiyo. Vitu vilivyotundikwa vikae milele, visimnufaishe mtu ila wenyewe wawili, vilikuja kuwafaa binadamu siku vilipokatwa, na waliofaidika ni watu ambao hawakuwa na mlango wa kufunga.

Sasa nirudi kwenye maswali yangu mawili. Kwa la kwanza, nasema ndiyo: tendo dogo la mapenzi laweza kuwa kosa, ikiwa kila mtu ana sababu ile ile ya kulitenda na mgongo wa kulibeba ni wa mtu mwingine. Mapenzi huusafisha moyo wa mtendaji. Hayapunguzi uzito wa kitu. Kwa la pili, nasema ni haki kulikataa, lakini kukataa kwa haki kuna gharama, na gharama hiyo ni ya mwenye kukataa. Amnyimaye mwenzi wake ishara ana wajibu wa kumpa kile ambacho ishara ilisimama badala yake. Kama hana cha kumpa, basi asijisifu kwamba ameokoa daraja. Ameokoa chuma cha watu, na cha kwake ameacha kianguke.

Kijana msomaji atasema kwamba ni rahisi kupima mambo haya ukiwa na mvi, na kwamba yeye na mpenzi wake wanataka alama moja tu ya kuwakumbusha siku njema. Simlaumu. Namwomba tu kwamba kabla hajafunga aulize mgongo wa nani utabeba; na kabla hajamkatalia mwenzake aulize ni mara ya ngapi.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Julai. Paa limezibwa. Kufuli la rangi ya shaba halina jina lolote juu yake, nalo linafunga banda letu la kuku. Jioni mimi hulifunga, alfajiri mke wangu hulifungua, kwa kuwa yeye huamka mapema. Siku nyingine mimi hutangulia, naye hunikuta pale nje nina ufunguo mkononi, tukasimama kidogo tukazungumza kabla ya kuwaamsha watoto.