Shida ya Mpangaji si Mali ya Mwenye Nyumba

Malori yaliyojaa kabichi, nyanya na matunda hushuka kutoka Lushoto na Soni, yakapita Mombo, yakaelekea Dar es Salaam. Vijana wa Usambara nao hushuka kwa njia hiyo hiyo. Milima ile ina rutuba, lakini mashamba yamegawanywa toka baba hata mwana, na fungu la kila mmoja limekuwa dogo. Kijana hupata kazi mjini, huoa, hupata watoto; ndipo hutafuta nyumba ya kukaa na jamaa yake, na hapo mashaka huanza.

Dalali hudai ujira wake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, ilipwe mbele. Wengine huuliza kwanza idadi ya watoto, na wakiisha kuisikia hukataa. Basi jamaa nzima huishia katika chumba kimoja, wazazi na watoto wakitengwa kwa pazia; au mama hubaki Lushoto na watoto, na baba hukaa mjini peke yake miaka na miaka. Kwa hiyo twaona kwamba hili si shauri la fedha tu. Ni shauri la ndoa na malezi.

Mwenye nyumba atajibu: “Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu. Tumepatana kwa hiari. Dhuluma iko wapi?” Neno hili lina sehemu ya kweli. Kanisa hufundisha kwamba mtu ana haki ya kuwa na mali yake. Tena wenye nyumba wengi si matajiri. Wako wajane na wastaafu waishio kwa kodi ya vyumba viwili, nao wamepata kuachiwa madeni na milango iliyovunjika.

Lakini je, mapatano peke yake yatosha kuifanya bei iwe ya haki? Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alilijibu swali hili juu ya mshahara: mfanya kazi akubaliye ujira duni kwa kuogopa njaa ameshurutishwa, ingawa amesema ndiyo. Baba asiye na mahali pa kuwalaza watoto wake yu katika hali hiyo hiyo. Na zamani zaidi, katika karne ya 13, Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba muuzaji aweza kudai fidia ya hasara yake mwenyewe, lakini asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa. Haja ile si mali ya muuzaji, naye hana ruhusa ya kuuza kisicho chake.

Tupime kwa kipimo hicho. Saruji, mabati, matengenezo na kodi ya serikali ni gharama za mwenye nyumba. Ana haki ya kuzirudisha, pamoja na faida ya kadiri. Lakini ugeni wa mpangaji, haraka yake na wingi wa watoto wake si mali ya mwenye nyumba. Asivitoze.

Wala tusingoje kushurutishwa. Sheria ya mwaka 1984 iliyoweka mipaka ya kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Pale sheria inaponyamaza, dhamiri yapaswa kusema.

Kwa hiyo twawasihi wenye nyumba Wakristo: pokeeni kodi kwa vipindi ambavyo mtu wa mshahara aweza kuvimudu, wala msiwafukuze watoto mlangoni. Wengi wenu mliingia mjini mkiwa wapangaji. Nanyi wapangaji, lipeni siku ya ahadi, tunzeni nyumba kama mali yenu, wala msihame usiku na kuacha deni. Kwa maana uovu wa mmoja huwafungia mlango kumi wanaomfuata.

Kila Noeli twasimama mbele ya pango la Bethlehemu, tukawasikitikia Maria na Yosefu waliokosa nafasi. Yafaa tukumbuke kwamba mlango uliofungwa usiku ule ulikuwa na mwenyewe.