Haba na Haba, na Lumbesa ya Angani

"Haba na haba hujaza kibaba" tumeizoea kama wosia wa akiba. Wenye vikoba huitaja wanapopeleka hisa zao za wiki, na mwalimu humwambia mtoto ili atunze sarafu. Lakini ukiitazama vizuri, methali hii haikutaja akiba popote. Haikusema hata kibaba kinajazwa kitu gani. Kibaba ni kipimo cha nafaka. Vinne hufanya pishi, na pishi ndiyo Waislamu wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanayoitumia hadi leo kukadiria zaka ya fitri. Kipimo hakina upendeleo: ukikitilia mchele kitajaa mchele, ukikitilia mchanga kitajaa mchanga. Kwa hiyo ndani ya maneno haya matano mna kanuni nzima ya namna mambo yanavyokua, na kanuni hiyo ina upande ambao hatupendi kuutazama. Ikiwa jema dogo likirudiwa huwa kubwa, baya dogo nalo ni vivyo hivyo, na aliyetia haba hawezi kukikana kibaba. Kwa habari ya mabadiliko ya tabianchi naiona methali hii kuwa inatuhusu kuliko ile ya ufa na ukuta inayopendwa majukwaani. Ufa huwa katika nyumba, na mwenye nyumba anajulikana. Anga haina mwenye nyumba. Imejazwa na mikono mingi, na kila mwenye mkono anaapa kwamba alichotia yeye kilikuwa kidogo.

Tuanze na kibaba chenyewe. Kabla viwanda vya Ulaya havijaanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo takriban 280 za kabonidioksaidi. Leo zimepita 420. Nyongeza ya chembe 140 katika milioni: mtu akisikia atasema hiyo ni haba kweli kweli. Hata hivyo haba hiyo, pamoja na gesi nyingine za aina yake, imetosha kuipandishia dunia joto kwa zaidi ya nyuzi 1.1 za Selsiasi, na kwa kila nyuzi moja hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo hushuka kama mvua. Sehemu yake huangukia vilima vya Pugu, ikateremka na Mto Msimbazi hadi Jangwani, pua na mdomo na Kariakoo, kabla ya kuingia baharini upande wa Upanga. (Jina Jangwani siku hizi linasikika kama mzaha.) Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na kaya nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, karakana yao iliyojengwa palepale bondeni imefurika mara kwa mara, na Barabara ya Morogoro hufungwa Jangwani, Kariakoo na Magomeni zikawa kama ng'ambo mbili za bahari. Yanga wana makao yao Jangwani, Simba, mahasimu wao wa soka, wana yao Mtaa wa Msimbazi. Sidhani kama kuna jambo linalowaweka upande mmoja kuliko maji haya. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya 200,000. Sayansi haidai kwamba kila tone la maji yale lililetwa na moshi. El Niño ilikuwapo, kama ilivyokuwapo enzi za babu zetu. Inachodai ni kwamba kipimo kimekaribia ukingo, na mvua ambayo zamani ingeenea ndani yake sasa inamwagika.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu atasema: chupa yangu moja ndani ya mtaro wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, haijawahi kuzamisha nyumba ya mtu, na mkaa wangu wa kopo moja haukuleta masika ya 2024; nikiacha leo, maji yatakuja vilevile. Ana hoja, kwa sababu hakuna punje moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema hii ndiyo iliyokijaza kibaba. Lakini tumpeleke dukani. Mteja wa mchele anaruhusiwa kuchota punje chache azitafune, aone kama ni wa Mbeya kweli au anauziwa jina. Tuseme akaja asiyenunua, akachota kiganja kimoja, na kila mpita njia akafanya hivyo, kila mmoja akijitetea kuwa kiganja kimoja hakifilisi duka. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo atakayeipokea hesabu hiyo. Atamwita mtu huyo mwizi, na hatangoja gunia liishe ndipo amwite hivyo. Anajua, bila kufundishwa na mwanafalsafa yeyote, kwamba ubaya wa kiganja haupimwi kwa kiganja chenyewe tu; hupimwa kwa mwenendo mzima ambao kiganja hicho ni sehemu yake. Akishalikubali hilo kwa mchele wake, hana namna ya kulikataa kwa mtaro wa jirani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. "Changu ni kidogo" ikitamkwa na wote hao, hicho ndicho kibaba, na hakuna kitu kingine kinachokijaza.

Pingamizi la pili lina haki zaidi. Mtanzania wa kawaida, kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, hutoa chini ya nusu tani ya kabonidioksaidi kwa mwaka. Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Ni haki kuwasomea wote wawili methali moja? Hapa soko lina neno ambalo mikutano ya kimataifa haina. Kila aliyewahi kuuza viazi, vitunguu au mkaa anaijua lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomoni, likaongezwa kichwa juu, likafumwa kwa kamba, kisha mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, Wakala wa Vipimo huikamata, nayo hurudi kila msimu kwa sababu mwenye fedha ndiye anayeamua gunia lishonwe vipi. Nchi zilizotangulia kwa viwanda zimeshona lumbesa angani kwa zaidi ya miaka 150, na bei zinayotaka kulipa ni ya gunia moja. Katika mkutano wa tabianchi wa Dubai wa mwaka 2023, mfuko wa kufidia hasara za tabianchi uliahidiwa takriban dola milioni 700, na huo ni kwa nchi maskini zote. Sasa linganisha: kwa Bonde la Msimbazi peke yake, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, na hizo ni mkopo. Mji uliotia kiganja unakopa ili utengeneze kilichoharibiwa na mwenye lumbesa. Anayeuita mpango huo msaada amekosea neno.

Ila anayedai watu hajafutiwa madeni anayodaiwa yeye. Mtaro ulioziba Kariakoo haumzamishi Mmarekani. Unamzamisha mpangaji wa Jangwani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyokuwa ikiyashika maji huko juu, imekatwa kwa mkaa unaopikiwa hapa mjini, na kwa makadirio ya Serikali nchi nzima imekuwa ikipoteza hekta 469,000 hivi za misitu kwa mwaka. Deni hilo ni letu kwa majirani zetu na kwa watoto ambao hawajazaliwa, na halipungui hata kidogo kwa kuwa mwingine anadaiwa zaidi. Tena lumbesa ipo hata ndani ya jiji. Mama lishe anayepikia mkaa hawezi kuwekwa mzani mmoja na ofisa anayetoa kibali cha kujenga bondeni, wala na waliochora karakana ya mabasi ikakaa njiani mwa mto. Mama lishe hachagui mkaa kwa ukaidi. Mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo, ilhali mkaa huuzwa kwa kopo, na mwenye kipato cha siku hununua cha siku. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameihamia ifikapo 2034. Nionavyo, utafika huko pale tu gesi nayo itakapouzwa kwa haba, na mita za kulipia kadri unavyotumia, ambazo zimeshaanza jijini, zina maana kuliko mabango yote. (Gesi nayo hutoa kabonidioksaidi, ni kweli. Lakini haiukati msitu wa Pugu.)

Kuna wanaosema mvua ni ya Mungu na mja hana la kufanya. Mvua ni ya Mungu, ndiyo. Chupa iliyoziba mtaro haikushuka nayo. Na kwa wanaosema watu hawabadiliki: Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki, maarufu kama rambo, ilipigwa marufuku, na soko lililoitegemea kwa kila nyanya likahamia mifuko mingine. Vifungashio vyepesi vimejipenyeza baadaye, na usimamizi umelegea, lakini hakuna anayeweza kusema tena kuwa haiwezekani.

Hata kukinga mvua kumeshawezekana hapa: Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania aliyelichora soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliliezeka kwa miamvuli ya zege iliyopinduliwa ili ikinge mvua na kuipeleka kwenye matangi ya chini ya ardhi. Tone kwa tone, jengo lilijaza kibaba chake lenyewe. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, likakarabatiwa. Tangu lijengwe, nyumba za chini zenye ua wa udongo zimeondoka mtaa baada ya mtaa, yakapanda maghorofa yaliyosakafiwa hadi ukingo wa barabara, na mvua ya kila paa inasukumiwa mtaroni, kutoka mtaroni hadi Jangwani. Wanaotoa vibali vya ujenzi Kariakoo wasitoe tena hata kimoja kwa ghorofa lisilo na tangi la kukinga mvua ya paa lake.