Tafakuri ya leo: Je, kungoja ni subira?



Mtoto ana miaka 2. Ukimwita hageuki, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, na maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Bibi anasema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kusema." Basi mnangoja, na mnasema ni subira.

Lakini itazame saumu yako. Unaamka kula daku, unatia nia, unajizuia mchana kutwa. Subira hiyo ina kazi ndani yake. Kungoja peke yake hakufanyi kitu.

Huenda mtoto ana usonji. Si jini, si laana, wala si kosa la mama. Ni namna ubongo wake ulivyokua tangu mapema. Hakuna kipimo cha damu: mtaalamu humwangalia akicheza, huwauliza nyinyi wazazi, na masikio hupimwa. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, ila mazoezi ya mawasiliano yakianza mapema humsaidia mtoto kueleza anachotaka. Mengine ni ya nyumbani: kaa naye chini, fuata mchezo anaoupenda, sema maneno machache, mpe nafasi ya kujibu.

Dua tusiache. Tuombe huku kadi ya kliniki iko mkononi. Mtoto ni amana, na amana tutaulizwa.

Nasi majirani, mtoto akiziba masikio na kulia kwa sababu ya spika za msikitini, tusimkodolee mama yake macho. Tumpishe akae.

Allah atujaalie subira yenye kazi. Amin.